Aya Ndiyo Inayobeba Picha

Juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea flashi yenye ripoti yake ya utafiti: kurasa 43, ramani moja, picha 9 za visima, na siku mbili tu kabla ya kukabidhi. Nyumbani, kwenye kompyuta ya kaka yake, kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Alipolifungua faili lilelile chuoni, ramani ilikuwa imehamia ukurasa wa mbele, maelezo yake yamebaki nyuma peke yake, na kichwa cha sura ya nne kimening'inia mwisho wa karatasi bila hata mstari mmoja chini yake. "Kaka, hii nimeipanga mara nne," aliniambia. "Nikirekebisha hapa, kule kunaharibika."

Sikurekebisha chochote kwanza. Nilibonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja, kisha nikamgeuzia kioo. Ukurasa ulijaa vitu ambavyo hakuwahi kuviona: kinukta kati ya kila neno na jingine, kishale kidogo kila alipobonyeza Tab, na alama hii, ¶, kila alipobonyeza Enter. Chini ya maelezo ya ramani zilikuwepo ¶ 11 zimepangana wima kama shanga, hazina neno. Kichwa cha sura ya nne kilikuwa kimesukumwa mpaka katikati kwa vinukta 26. Alivihesabu mwenyewe kwa kidole.

Kazi yangu ni kutaipu na kuprinti, na mafaili ya namna hii nimeyapokea kwa miaka. Ninachokiona ni kwamba watu hufundishwa kupanga aya siku moja na kuweka picha siku nyingine, kana kwamba ni masomo mawili. Kumbe ndani ya programu ya kuandikia, picha haina makazi nje ya aya. Ama inakaa ndani ya mstari kama herufi, ama imefungwa kwenye aya kama chombo kilichotia nanga. Asiyeifahamu aya atahangaika na picha mpaka kunakucha.

Aya kwa macho ya kompyuta

Shuleni tulifundishwa kuwa aya ni fungu la sentensi lenye wazo moja. Kompyuta haijui wazo. Kwake aya ni chochote kilichopo kati ya Enter moja na Enter inayofuata. Tarehe ya barua pale juu kulia ni aya. "YAH:" na maneno yanayoifuata ni aya. Kichwa cha sura ni aya. Hata mstari mtupu ulioachwa ili barua ipate kupumua nao ni aya kamili, yenye ukubwa wake wa herufi, nafasi yake ya juu na ya chini na upande wake wa kuegemea, ingawa ndani yake hamna neno.

Neno lenyewe tulilo nalo linasaidia kulielewa jambo hili. "Aya" tumeipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni ishara, na ndilo jina la kila fungu la Kurani. Aliyesoma chuo cha Kurani anakumbuka kwamba katika msahafu aya hufungwa mwishoni kwa kiduara chenye namba. Programu ya kuandikia nayo huifunga aya kwa alama mwishoni. Hiyo ¶ ndiyo inayobeba habari zote za aya iliyoitangulia: imeegemea kushoto au katikati, mstari wa kwanza umeingia ndani kiasi gani, mistari imeachana kwa umbali gani, nafasi iliyoachwa juu na chini ni ipi. Ndiyo maana ukinakili sentensi pamoja na ¶ yake, unaibeba na sura yake yote kwenda nayo unakoibandika. Ukinakili maneno tu bila ¶, kwa kawaida yatavaa sura ya aya ya wenyeji. Watu wengi wamebandika sentensi moja na kushangaa imekuja na mpangilio mgeni. Walikuwa wamechukua alama bila kuiona.

Mazoea ya kubonyeza Enter ovyo yana asili yake, na sioni sababu ya kumlaumu mtu. Kwenye taipureta kila mstari ulikuwa jukumu la mtaipaji: kengele inalia, unasukuma mkono wa chuma, gari, yaani kibebeo cha karatasi, linarudi mwanzo, karatasi inapanda. Kukiweka kichwa katikati kulikuwa ni kuhesabu herufi na kugonga nafasi. Makatibu muhtasi waliotufundisha walikuwa mafundi wa kweli wa mashine hiyo, na walitupa walichokuwa nacho. Lakini kompyuta ilishabadilisha msingi wa kazi. Mwaka 1974, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao walitengeneza programu iliyoitwa Bravo, iliyouonyesha ukurasa kwenye kioo kama utakavyotoka kwenye karatasi. Ndani ya faili la Bravo, maelekezo ya aya yaliandikwa mwishoni mwa aya yenyewe. Simonyi alihamia Microsoft mwaka 1981, na Word ya kwanza ikatoka mwaka 1983. Tangu hapo hakuna haja ya kurudisha gari mwisho wa mstari. Enter ni ya kusema "aya imekwisha", basi.

Nafasi si Enter

Tuanze na kosa lililo kubwa kuliko yote: kubonyeza Enter mara mbili ili aya ziachane. Kinachopatikana ni aya tupu katikati, na aya tupu haina akili. Ikiangukia juu ya ukurasa mpya, itakaa pale na kuacha pengo lisilo na sababu. Nafasi kati ya aya inapaswa kuwa sifa ya aya yenyewe. Bofya kulia ndani ya aya, chagua "Paragraph", utaona visanduku viwili: nafasi kabla na nafasi baada. Hupimwa kwa pointi. Pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo pointi 12 ni kama milimita 4 na ushei. Weka 6 au 8 baada ya aya, na Enter yako moja itatosha.

Umbali kati ya mistari ni jambo jingine, ingawa watu huyachanganya haya mawili. Huo ni umbali ndani ya aya, kati ya mstari na mstari. Ctrl+1 huleta nafasi moja, Ctrl+5 nafasi moja na nusu, Ctrl+2 nafasi mbili, ambayo wasimamizi wengi wa tafiti huitaka ili wapate mahali pa kuandika masahihisho.

Hapa ndipo linapotatuliwa fumbo la kwa nini barua iliyotoshea ukurasa mmoja kwenye kompyuta moja huwa kurasa mbili kwenye nyingine. Word ya 2003 ilianza na Times New Roman ya 12, nafasi moja, bila pengo baada ya aya. Ya 2007 ikaja na Calibri ya 11, mistari kwa kipimo cha 1.15 na pointi 10 baada ya aya. Ya 2013 ikashusha hadi 1.08 na pointi 8. Ukibandika aya kutoka faili la zamani ndani ya faili jipya, unachanganya tabia za miaka tofauti kwenye ukurasa mmoja. Ukiona aya moja imekaidi, weka kishale ndani yake na ubonyeze Ctrl+Q. Itavua mapambo yote ya aya uliyoiongezea kwa mkono na kurudi kwenye mtindo wake.

Kuna wakati unataka mstari uvunjike lakini aya iendelee, kwa mfano kwenye anwani: sanduku la posta mstari mmoja, mji mstari unaofuata. Hapo tumia Shift+Enter. Alama itakayoonekana ni kishale kilichopinda, si ¶. Ila kuna mtego. Kama aya imenyooshwa kushoto na kulia, mstari unaoishia kwa Shift+Enter unaweza kunyooshwa nao, na maneno ya "Dar es Salaam, Tanzania" yakavutwa mpaka yakaachana kama watu waliogombana. Dawa ni kuiegemeza aya hiyo kushoto kwa Ctrl+L.

Kunyoosha pande zote mbili, Ctrl+J, nina la kusema zaidi, kwa sababu Kiswahili kina shida yake. Programu hunyoosha mstari kwa kutanua nafasi zilizo kati ya maneno. Lugha yenye maneno mafupi ina nafasi nyingi katika mstari mmoja, hivyo kila nafasi hutanuka kidogo tu. Sisi neno moja hubeba sentensi nzima. Chukua safu nyembamba ya jarida la shule yenye maneno "tulivyokubaliana", "wanaoshughulikia" na "halijakamilishwa" yakifuatana. Mstari unabeba maneno mawili au matatu, kwa hiyo pengo moja au mawili ndiyo yanayobeba ziada yote, na ukurasa unatoboka matundu meupe. Ushauri wangu ni kwamba katika ukurasa mpana wa A4 nyoosha kama umeagizwa, lakini katika safu nyembamba, jedwali au kipeperushi, egemeza kushoto na uache kulia kwa jinsi kulivyo. Kama ni lazima unyooshe, yakate maneno marefu kwa Ctrl pamoja na kistari. Kistari hicho hubaki kimefichika mpaka neno lifike mwisho wa mstari. Kiswahili kimetupa urahisi hapa, kwani silabi zetu nyingi huishia kwa irabu: tu-li-vyo-ku-ba-li-a-na. Usiitenganishe tu "ng'" na irabu yake. Na pale ambapo hutaki vitu viachane, kama "Sh" na "5,000" au "Bw." na jina, weka kati yao nafasi isiyokatika kwa Ctrl+Shift+Space.

Orodha ya marejeo ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi. Inatakiwa mstari wa kwanza uanzie pembeni na inayofuata iingie ndani. Wengi hubonyeza Enter mwisho wa mstari wa kwanza, halafu Tab, wakikata rejeo moja kuwa aya tatu. Kisha msimamizi akiongeza neno moja, kila kitu kinapinduka. Liandike rejeo lote kama aya moja, halafu bonyeza Ctrl+T.

Kuhusu kichwa kilichobaki peke yake chini ya ukurasa, ndani ya dirisha lilelile la "Paragraph" kuna kichupo cha pili chenye chaguo la "Keep with next". Linaiambia aya: usikubali kuachana na mwenzako anayekufuata. Ukiliwasha kwenye kichwa, kichwa hakitabaki tena chini ya karatasi bila maneno yake. Chini kidogo kuna la kuianzisha aya kwenye ukurasa mpya, linalofaa kwa kichwa cha kila sura. Na ukitaka ukurasa mpya mahali pamoja tu, Ctrl+Enter inatosha. Hakuna hali hata moja inayohitaji Enter 15 mfululizo.

Ukishaziweka sifa zote hizi kwenye kichwa kimoja, usirudie kazi kwenye vichwa vingine 30. Zihifadhi kama mtindo, ule unaoitwa Heading 1, na vichwa vyote vya sura vitavaa sare. Yaliyomo nayo yatajitengeneza yenyewe kutokana na mitindo hiyo.

Picha iliyo herufi

Ukiingiza picha kwenye Word bila kubadili chochote, huja ikiwa ndani ya mstari. Programu huihesabu kama herufi moja. Fikiria herufi A yenye kimo cha sentimita 8. Mstari wake utapanuka kuipokea, maneno yaliyo kushoto na kulia yatakaa kwenye msingi wake, na ukibonyeza Ctrl+E haisogei picha peke yake, inasogea aya nzima iliyoibeba. Haiwezi kupita juu ya maneno wala chini yake. Haiwezi kukimbia. Kwa ripoti, tasnifu, muhtasari wa kikao na andiko la mradi, hii ndiyo ninayoitumia karibu siku zote: picha kwenye aya yake mwenyewe, imewekwa katikati, na aya ya maelezo yake jirani.

Watu hulalamika kuwa picha ya namna hii inaacha pengo jeupe chini ya ukurasa. Ni kweli, na sababu ni hiyohiyo ya herufi. Ikiwa ukurasa umebakiwa na sentimita 6 na picha ina 8, haikatiki vipande viwili, inakwenda ukurasa wa mbele. Una njia mbili za haki. Ama uipunguze picha, ama uchukue aya inayofuata uipandishe juu ya picha ili ijaze pengo. Ili njia ya pili iwezekane, usiandike "kama inavyoonekana kwenye picha hapo chini". Andika "Kielelezo 3", nacho kitakuwa sahihi popote kitakapoangukia.

Mzee mmoja wa kikundi cha wafuga nyuki aliniletea andiko lao la mradi akiwa na huzuni. Picha ya mizinga yao ilionekana kama utepe mwembamba, nusu sentimita hivi, wakati wa kuibofya inaonyesha fremu nzima. Alidhani picha imeharibika, na simu iliyoipiga ilishauzwa. Picha ilikuwa nzima kabisa. Aliyewataipia aliweka umbali wa mistari kuwa "Exactly" pointi 14 kwa faili lote. Maana ya amri hiyo ni kwamba kila mstari uwe pointi 14, usizidi, na picha ni herufi ndani ya mstari, kwa hiyo ilikatwa ikabaki pointi 14 zinazoonekana. Niliweka kishale kwenye aya ya picha, nikabonyeza Ctrl+1, na mizinga yote ikatokea kwenye kioo. Mzee alinishika mkono akacheka. Kati ya yote ninayoyaeleza hapa, hili ndilo linaloonyesha wazi zaidi kuwa tatizo la picha mara nyingi ni la aya.

Picha iliyotia nanga

Aina ya pili ni picha inayoelea. Ukiibofya, pembeni yake hutokea kitufe kidogo cha mpangilio, na ndani yake chaguo za namna maneno yatakavyoizunguka: kwa umbo la mraba, kwa kufuata ukingo wa picha, kwa kukaa juu na chini tu, picha nyuma ya maneno, au picha mbele ya maneno. Ukichagua mojawapo, picha inatoka kwenye mstari na unaweza kuiburuta popote.

Popote, lakini kwa mpaka wake. Washa alama kwa Ctrl+Shift+8, bofya picha, na utaona pembeni mwa aya fulani mchoro mdogo wa nanga. Jina na mchoro vinafaa sana kwa mtu aliyekulia pwani. Jahazi lililotia nanga huzunguka kwa upepo na maji, linageuka huku na huku, lakini haliondoki pale nanga iliposhika. Picha inayoelea inaweza kukaa juu, chini, kushoto au kulia, ila lazima iwe ukurasa mmoja na aya iliyoshika nanga yake. Aya ikisukumwa ukurasa wa mbele, picha inaifuata. Aya ikifutwa pamoja na ¶ yake, picha inafutika nayo. Nimewahi kumwona mtu akifuta aya moja ya utangulizi na nembo ya shule kwenye kona ikatoweka, akadhani kompyuta ina virusi.

Sasa ramani ya yule binti ilieleweka. Alikuwa ameielesha, akaacha ¶ 11 tupu ili ipate mahali pa kukaa, na nanga ikashika kwenye moja ya hizo tupu. Kompyuta ya chuoni haikuwa na fonti aliyoitumia, ikaweka nyingine iliyo pana kidogo. Mistari mitatu ikaongezeka katika aya za juu, zile ¶ tupu zikasukumwa kuvuka ukurasa, na ramani ikafuata nanga yake. Maelezo yaliyokuwa juu ya ramani, yakiwa aya ya kawaida isiyofungwa na chochote, yakabaki nyuma. Hapakuwa na ajabu yoyote wala uhitaji wa kupanga mara ya tano. Nilifuta ¶ zote 11, nikairudisha ramani ndani ya mstari, nikaiweka katikati, na kwenye aya ya maelezo nikawasha "Keep with next". Basi. Kichwa cha sura nikakitoa vinukta vyake 26 na kukivisha mtindo. Nikafuta na Enter tupu nyingine za faili zima, ripoti ikashuka kutoka kurasa 43 hadi 40.

Hata hivyo siipingi picha ya kuelea. Kadi ya mwaliko wa harusi, tangazo la mnada, kipeperushi cha zahanati, hivi vinaitaka. Sahihi iliyopigwa picha na kuwekwa juu ya jina huhitaji kuwa nyuma ya maneno ili isiyasukume. Ninachoomba ni uijue nanga yake iko wapi, na kama aya ile ni muhimu, uihamishie nanga kwenye aya isiyofutwafutwa, kisha uifunge. Nembo ya barua yenye anwani iweke kwenye eneo la juu la ukurasa, lile linalojirudia kila karatasi, na hutaihangaikia tena.

Wanaotaka picha mbili ubavuni kwa ubavu, kisima kabla na kisima baada, wasizieleshe. Tengeneza jedwali la safu mbili, weka picha moja kila chumba, zima ujitanuaji wa safu, halafu ondoa mistari ya jedwali. Maelezo ya kila picha yaandike katika chumba kilicho chini yake. Havitaachana.

Kwa wanaotumia LibreOffice, mambo ni yaleyale kwa maneno ya wazi zaidi. Alama za siri huwashwa kwa Ctrl+F10, na ukibofya kulia picha utaulizwa nanga ishike wapi: kwenye ukurasa, kwenye aya, kwenye herufi, au picha yenyewe ihesabiwe kama herufi. Programu iliyotangulia hiyo, OpenOffice, iliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Natamani watu wengi zaidi wangeanza kujifunza kompyuta kwa lugha yao kama ile, maana nanga ni nanga, haihitaji mkalimani.

Uzito wa faili na kilichofichwa pembeni

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya takribani pikseli 4000 kwa 3000. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za sentimita 2.54 kila upande, zinabaki sentimita 16 hivi za kuandikia. Kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, upana huo unahitaji pikseli 1,900 tu. Kwa kipimo cha 220, ambacho kinatosha ripoti nyingi, ni kama 1,400. Kwa hiyo unabeba zaidi ya mara mbili ya upana unaohitajika, na kuipunguza picha kwa kuvuta pembe peke yake kunaweza kusipunguze uzito, ile kubwa ikawa bado imo ndani. Picha 20 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 80, na Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Bofya picha, nenda kwenye "Compress Pictures", chagua 220, na faili litapungua sana bila jicho kuona tofauti.

Unapozivuta, vuta kwa pembe, si kwa ubavu. Sura za wanakikundi zilizonyooshwa kwa ubavu ni kuwavunjia watu heshima. Na picha zilizotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa zimepunguzwa ubora tayari. Mwambie aliyepiga azitume kama hati, zitafika kama zilivyo. Nembo, grafu na picha za kioo ziwe PNG ili kingo zake zisichafuke. Picha za watu na mandhari ziwe JPEG.

Kuna jambo moja kuhusu kukata picha ambalo naliona zito kuliko mengine yote. Ukiikata picha ndani ya Word, sehemu iliyokatwa inafichwa tu. Bado imo. Anayepokea faili anaweza kuibofya, akarudisha picha ilivyokuwa, na akaona yote. Nilipokea ripoti ya kituo kimoja cha watoto ambapo nyuso zilikuwa zimekatwa kwa nia njema kabisa, na nikazirudisha zote kwa kubofya mara mbili mbele ya aliyeileta. Aliketi chini. Kama umekata kitambulisho cha mtu, namba ya simu au uso wa mtoto, ingia tena kwenye "Compress Pictures" na uhakikishe umechagua kufuta maeneo yaliyokatwa, au ikate picha kwenye simu kabla ya kuiingiza. Ukitaka kujionea, nakili faili la .docx, libadilishe mwisho wa jina liwe .zip, lifungue, ingia kwenye folda ya word kisha media. Picha zako zote zimelala humo.

Maelezo ya picha usiyaandike kwa mkono ukihesabu 1, 2, 3. Bofya kulia picha na uchague kuweka maelezo. Programu itatoa namba yenyewe, na ukiongeza picha katikati, chagua yote kwa Ctrl+A na ubonyeze F9, namba zitajipanga upya. Ongeza pia maelezo yaliyofichwa kwa ajili ya asiyeona. Programu za kusoma kioo kama NVDA zikikuta picha isiyo na maelezo hutamka tu kuwa kuna picha, na msomaji anabaki gizani pale ambapo wengine wanaona kisima. Sentensi moja inatosha: "Kisima kifupi chenye mfuniko wa mbao, wanawake wawili wakiteka maji."

Tulipomaliza, nilimhifadhia yule binti nakala mbili, ya .docx kwa ajili ya msimamizi wake na ya PDF kwa ajili ya kuprinti, kwa kuwa PDF hubeba fonti ndani yake na haitegemei kompyuta ya mtu mwingine. Nikanyoosha mkono kuzima zile alama za ¶. Akanizuia. Alikuwa amebakiwa na sura mbili za kukagua, na alitaka kuzikagua akiwa anaziona.